Vijiti Vilivyoota Kati ya Dzupa na Muvaro

Siku ya kuniaga nilipostaafu, wenzangu wa ofisini walininunulia kiti. Ni kiti kizuri cha mbao, kina mgongo mrefu na mikono ya kuegemea, na fundi wa mtaa wa Mudzipela alikipaka vanishi mpaka kikang'aa. "Muzee Ferdi, sasa ukae," waliniambia, wakapiga makofi. Kiti kiko barazani kwangu hapa Saio, mtaa wa Bunia, na kusema kweli nimekikalia labda mara nne. Mke wangu huweka sinia la sombe, majani ya mhogo, juu yake. Mimi nasimama, naenda hadi langoni, natazama mawingu upande wa vilima, narudi. Mvua ikianza kule juu, huku chini miguu inaniwasha.

Espérance, kijana wa kike aliyerithi meza yangu ofisini, ndiye aliyenisukuma niandike. Alisema, "Papa, andika ile yenye haiko mu ma-rapport. Siye wapya tunasoma ma-rapport, tunafika kule, hatuelewi kitu." Basi naandika yasiyo kwenye ripoti, ingawa nasimama kila baada ya nusu ukurasa. Sitawaeleza nilivyopandishwa cheo, maana nilipandishwa mara moja tu, na ilitokea kwa sababu walichanganya jina langu na la mtu mwingine. Nitawaeleza habari ya kamba, ya moto, na ya miti thelathini na minane isiyoniacha nikae.

Kwa asiyeijua kazi yetu: vijiji viwili vina malisho mamoja katikati, na kila kimoja kinaona kwamba mwenzake anakula zaidi. Sisi tunakwenda kukaa navyo, mwezi, miezi, mpaka vikubaliane nani alime wapi, ng'ombe wapite wapi, wanywe wapi, na upande upi wa majani upumzishwe. Kisha makubaliano yanaandikwa na alama zinasimamishwa ardhini. Kwenye karatasi jina lake ni mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi. Vijijini waliiita kazi ya kamba, na mimi napenda jina hilo zaidi.

Aliyenifundisha alikuwa Muzee Anselme, mtu mfupi, mwenye ulimi mkali na moyo laini aliouficha vizuri. Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vyeusi vya kanisani, na ramani kubwa nimeibana kwapani. Akaniomba ramani. Nikadhani anataka kuisoma. Akaikunja mara nne, akaikalia wakati wa chakula, kwa sababu majani yalikuwa na umande.

"Ramani inakuja nyuma," alisema. "Kwanza miguu."

Tulitembea siku nzima, tukapanda na kushuka vilima ambavyo kwenye ramani vilikuwa mistari miwili mitatu tu. Jioni viatu vilikuwa vimekufa. Ndipo akanipa mfuko wa kazi: panga, majivu katika kopo la maziwa, kijiko cha mahindi, kijiko cha maharagwe, na kamba ya nailoni ya buluu ya mita hamsini, yenye fundo kila baada ya mita tano. Majivu ni ya kuchora mipaka chini, mbele ya watu wote. Mahindi ni nyumba, maharagwe ni ng'ombe. Mzee asiyewahi kushika kalamu anaweza kusogeza haragwe na kusema, hapana, sisi hatuchungi huku. Nimewahi kuona kuku akila kijiji kizima, na mashefu wawili, wakuu wa vijiji, waliokuwa hawasemezani wakacheka mpaka wakatoa machozi. Mkutano ule ulifaulu kuliko mingi niliyoipanga vizuri.

Muzee Anselme alikuwa na sheria zake, na hakuna iliyoandikwa popote. Ukila ugali katika kijiji kimoja, ule na katika kingine, hata kama tumbo limejaa, na uache kiasi kilekile sahanini. Usiwasalimie wakuu wa pande mbili kwa urefu tofauti. Usimwambie mtu kwamba ng'ombe wake ni wengi. Nyingine nimezisahau. Lakini moja nilipaswa kuikumbuka kuliko zote, na ndiyo niliyoipuuza.

Alinionyesha siku ile ya kwanza, tukiwa tumechuchumaa kando ya moto mdogo. Alikuwa amekata vijiti vya mti ule wa maua mekundu ambao kwetu uko kila mahali, mti ambao ukichomeka tawi lake ardhini linachipua kana kwamba halikukatwa. Akaingiza ncha za vijiti motoni mpaka zikawa makaa.

"Kijiti ya mubichi, uchome mwisho yake mbele ya kuisimamisha," alisema. "Ukiiacha hivi, itaota."

"Ikiota iko na ubaya gani, muzee?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza ubaya wa kuingia kanisani na mbuzi. "Kitu yenye kuota iko na mwenyewe. Kijiti ya kufa ni alama. Kijiti ya kuota ni muti, na mwenye alipanda muti, udongo ni yake. Na muti ya mupaka, hakuna mutu anaikata. Ukiikata, umekata nyumba ya mwenzako."

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa na diploma mfukoni, na mambo ya moto na vijiti niliyaona ni ya wazee. Kila mara nilichoma ncha kwa sababu yeye alinisimamia. Alipostaafu akaniachia mfuko wote, na baada ya miaka michache tukamzika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilivunjikia Dzupa.

Majina ya vijiji nimeyabadilisha, maana watu wenyewe wako hai na wana midomo. Dzupa ni kijiji cha walimaji: mihogo, maharagwe, mahindi. Muvaro kina ng'ombe. Kati yao kuna mteremko wa malisho, na chini kabisa kijito kimoja ambacho hakikauki. Ng'ombe wa Muvaro hawawezi kufika kwenye maji bila kupita kando ya mashamba ya Dzupa. Ng'ombe akinyoosha shingo tu amekula mhogo wa mtu. Na mtu wa Dzupa akiongeza matuta mawili tu, amefunga njia.

Shefu wa Dzupa ni Maki, mtu mrefu, anayesema polepole na kukumbuka kila kitu. Upande wa Muvaro, aliyenisumbua zaidi hakuwa shefu. Alikuwa Mama Dhena, mjane mwenye ng'ombe sita, ambaye tangu mume wake afariki alichunga mwenyewe, amefunga kitenge kiunoni na fimbo begani. Mmoja wa ng'ombe wake alikuwa na kovu refu la panga mguuni. Kila mkutano alimleta. Wengine walileta maneno, yeye alileta ng'ombe, akamfunga mahali ambapo kila mtu angeona ule mguu.

"Wale wenye ng'ombe mingi wanaweza kupoteza moja," aliniambia mara ya kwanza, kwa Kiswahili chetu ambacho "ndiyo" ni "njo". "Miye niko na sita. Hii maziwa njo inasomesha watoto yangu. Njia ya maji ikifungwa, nitakunywesha wao wapi? Mu sahani?"

Tulibishana upana wa njia kwa wiki tatu. Walikubali hatua thelathini, kisha wakagombana ni hatua za nani, kwa kuwa Maki ana miguu ya korongo na Mama Dhena ni mfupi. Nikatoa kamba yangu ya buluu. Hawakuitaka, wakasema mita ni za ofisi. Mwishowe Mama Dhena akasema njia iwe upana wa ng'ombe wanane wakitembea bega kwa bega. Maki akakubali papo hapo. Kuwapanga ng'ombe wanane bega kwa bega kulituchukua mchana mzima, na watu wa vijiji vyote viwili walishirikiana kuwavuta mikia kuliko walivyowahi kushirikiana katika jambo lolote. Nilirudi nyumbani siku ile nikiimba. Nilidhani nimemaliza.

Ikabaki kusimamisha alama. Zilitakiwa kuja nguzo za sementi kutoka mjini. Siku ilipangwa, wakubwa walialikwa, akina mama walipika, na gari la nguzo likazama kwenye matope mbali na sisi. Tukasubiri. Mawingu yakajikusanya. Nilijua kwamba nikiwaacha watu warudi nyumbani bila alama, kesho yake kila mmoja ataamka na upana wake. Nikasema tutumie vijiti, nguzo zitafuata. Matawi yalikatwa upande wa Dzupa kwa sababu ndiko miti ilikokuwa karibu.

Ubishi mwingine ukazuka palepale: nani apige vijiti? Dzupa hawakutaka mkono wa Muvaro, Muvaro hawakutaka wa Dzupa. Nikavua koti, nikasema nitapiga mwenyewe. Nilikuwa nimepiga viwili vitatu mvua ilipoanguka, ile mvua yetu isiyobisha hodi. Watu wote wakakimbia, wakubwa wakajifungia garini. Nikabaki mimi, na dereva wangu, sasa marehemu, akinishikia vijiti. Thelathini na vinane, kumi na tisa kila upande. Moto ungewaka wapi kwenye maji yale? Nilikumbuka maneno ya Muzee Anselme, naapa niliyakumbuka, nikajibu kwa sauti, "Nguzo zitakuja wiki ijayo, muzee." Kijiti cha tano kutoka kijitoni nilikifungia kamba ili ninyooshe mstari, na fundo likakaza kwa maji likakataa kufunguka. Nikaikata kamba kwa panga, fundo likabaki kwenye kijiti. Tangu siku ile kamba yangu imepungua kidogo, na kila niliyemfundisha amenisikia nikisema "mita hamsini kasoro".

Nguzo hazikuja. Kwenye rapport, kwa kuwa mwisho wa mwezi ulikuwa umefika na mkubwa wangu alinisimamia mlangoni, niliandika kwamba nguzo zimesimikwa. Sentensi moja. Niliwaza, zikifika, sentensi itakuwa kweli.

Ila kabla hazijafika, bunduki zikasikika, barabara ikafungwa. Mnajua maana yake kwetu, sina haja ya kueleza. Watu wa Dzupa na wa Muvaro walikimbia, wengi wao wakaja hapa Bunia, wakajibana kwa ndugu zao. Misimu minne ya mvua ilipita juu ya mteremko ule bila mtu wala ng'ombe.

Nimesimama tena. Nimekwenda langoni, nimerudi. Sehemu hii siipendi.

Waliporudi nyumbani walikuta miti. Mistari miwili ya miti yenye majani mapana na maua mekundu, imenyooka kutoka kilimani hadi kijitoni, kama vile kuna mtu alikaa akiinywesha kila siku. Watu wa Dzupa walitazama wakasema: mbegu ni ya kwetu, matawi yalitoka kwetu, basi miti ni yetu, na udongo kati ya miti ni wetu. Nani alimaliza kuvipiga vijiti kwenye mvua ile, hakuna wao aliyeona; sidhani walidanganya. Mtu aliyerudi nyumbani akakuta nyumba haina paa, ukimwonyesha mti unaosimama atasema ni wake. Mzee mmoja hata alianza kukumbuka jinsi marehemu kaka yake alivyoipanda. Msimu huohuo wakaanza kulima ndani ya njia, wakifuata mila kabisa, bila kificho.

Ng'ombe wa Muvaro wakazungushwa mbali, kupitia mashambani. Wakaanza kukatwa. Yule mwenye kovu alikatwa mguu mwingine, na safari hii hakupona.

Mama Dhena alikuja ofisini kwangu. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye benchi la wageni, fimbo kati ya magoti, hakukubali chai.

"Papa Ferdi," alisema, "mvua ilipokuja, siye wote tulikimbia. Weye ulibakia. Nani njo alipanda ile miti?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa la neno moja. Lakini nyuma yangu, kabatini, ndani ya dossier, faili la vijiji vile, kulikuwa na rapport yenye sahihi yangu inayosema nguzo za sementi, na ilikuwa imebaki miezi michache nistaafu. Niliona watu wakiifungua, wakiuliza, na kama hii ni uongo, zile nyingine je? Kazi ya maisha yangu yote. Niliogopa. Sitafuti neno zuri zaidi.

"Tutaangalia mu dossier, mama," nilimwambia.

Alichukua fimbo yake. "Mu dossier," alirudia, akasimama, akatoka. Alinyoosha mgongo alipokuwa akishuka ngazi, nami nikajifanya napanga karatasi. Katika miaka yote ya kazi nimetukanwa kwa lugha tano, na hakuna tusi lililonichoma kama lile la kunirudishia maneno yangu mwenyewe.

Wakanistaafisha, wakanipa kiti. Nilikaa juu yake siku ya kwanza mpaka chai ikapoa, na kila nilipofumba macho niliona yule mama akishuka ngazi. Mke wangu aliuliza kama ni mgongo. Nikasema ni mgongo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa na rapport na muhuri unaweza kuirefusha kidogo, nami niliirefusha wiki saba.

Kisha Espérance akapiga simu. Vijana wa Muvaro walikuwa wamesema Jumamosi watakata miti yote. Dzupa walijibu kwamba atakayegusa mti mmoja atakuwa amegusa nyumba. Viongozi walikuwa wameomba mkutano wa mwisho asubuhi hiyo, mbele ya miti yenyewe. Espérance alikuwa amesoma dossier mara tatu. "Papa, nguzo iko wapi?" aliniuliza. "Nimeandikiwa kuko nguzo. Nitawaonyesha nini?"

Nikamwambia hakuna nguzo. Nikamwambia yote, nimesimama katikati ya baraza na mke wangu ananisikiliza kutoka jikoni. Espérance akasema, "Basi kuja." Hakunilaumu, na namshukuru.

Jumamosi nilichukua pikipiki Mudzipela alfajiri, mfuko wa Muzee Anselme begani. Nilikuta vijiji viwili vimesimama pande mbili za njia, wanaume mbele, mapanga mikononi, na katikati mihogo michanga ya Dzupa imeshafika magotini. Mama Dhena alikuwa pembeni na ng'ombe watano. Aliponiona akageuza uso.

Sikungoja salamu ziishe. Nilisema ni mimi. Nilisema mvua ilipoanguka wote walikimbia, nami nikapiga vijiti thelathini na vinane kwa mkono wangu, vibichi, bila kuchoma ncha, kwa haraka yangu. Nilisema nimeandika uongo, na kwamba Mama Dhena aliniuliza nami nikaficha.

 Kisha sauti moja upande wa Dzupa ikasema, "Anadanganya kwa sababu ya kutetea Muvaro."

Maki akainua mkono. "Muzee Ferdi, maneno ni maneno. Uko na kitu ya kuonyesha?"

Nilienda hadi kijitoni, nikahesabu, nikasimama mbele ya mti wa tano. Ulikuwa mnene kuliko paja langu. Nikaomba wakwangue ganda kwa chini, taratibu, bila kuukata. Kijana mmoja wa Dzupa alikwangua. Hakuna kitu. Akakwangua zaidi. Ndipo ikaonekana, ndani kabisa ya mti, imemezwa na ganda: nailoni ya buluu, na fundo lake. Nikatoa kamba mfukoni, nikaweka ncha yake iliyokatwa kando ya ile. Maki aliinama kwa miguu yake mirefu, akaangalia ncha moja, akaangalia nyingine. Akakaa chini kabisa, kwenye matuta ya mihogo, akaanza kucheka.

"Basi imeisha," alisema. "Mwenye alipanda njo mwenye udongo. Siye Dzupa hatukupanda. Muvaro hawakupanda. Hii udongo, kutoka kilima mpaka mu maji, ni ya weye."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Wazee wa Dzupa walijitenga wakazungumza, wazee wa Muvaro vivyo hivyo, na wakarudi na neno lile lile. Dzupa hawatalima kwenye ardhi ya mtu mwingine. Hiyo ni aibu. Mihogo wataing'oa ikikomaa, hawataipanda tena. Muvaro watapitisha ng'ombe kwa ruhusa ya mwenye ardhi.

"Unaruhusu?" Mama Dhena aliniuliza. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu ofisini.

"Naruhusu, mama. Na unisamehe."

"Kwanza ng'ombe wakunywe," alisema, akawapiga mluzi. Wale watano wakashuka kati ya miti hadi kwenye maji. Msamaha wenyewe ulikuja baadaye, kwa njia ya kibuyu cha maziwa kilichofungwa nyuma ya pikipiki bila maelezo.

Espérance aliandika rapport mpya. Aliandika "vijiti vilivyoota", na chini yake jina langu na kosa langu kwa herufi zilizo wazi. Niliisoma nikaweka sahihi. Ofisini walinung'unika kidogo, kisha wakagundua kwamba hawawezi kumfukuza mtu aliyestaafu.

Sasa nawauliza ninyi mnaoanza: mmewahi kuona mtu wa Saio, mwenye magoti mabovu, anayemiliki ardhi asiyoweza kulima, kuuza wala kujenga, ila lazima apigiwe simu kila ng'ombe anapokanyaga ukingo wake? Nilijaribu kuirudisha. Nilimwambia Maki, naigawa kwenu wote wawili, andikeni. Akakataa.

"Ukitupatia wawili, tutakuwa wawili tena," alisema. "Ikae kwa weye."

"Na nikikufa?"

Hapo hakucheka. "Ukikufa ni ya watoto yako. Uko nao wangapi?"

Ninao wanne, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya redio. Mmoja anauza vipuri Kisangani. Atauliza mita ngapi. Hii ndiyo sababu sikai. Amani ya Dzupa na Muvaro iko ndani ya kifua changu, na kifua chenyewe daktari amekisikiliza mara mbili mwaka huu akakunja uso. Nisichoweza kufanya ni kukata miti nianze upya. Mti wa mpaka ulio hai haukatwi. Hilo hata mwenyewe haruhusiwi.

Mvua iliyopita nilikwenda kutembea mistari yangu, kama kawaida. Mti wa kumi na moja, upande wa Muvaro, ulikuwa umekauka. Mchwa walikuwa wameutafuna kutoka chini, ukasukumika kwa kidole.  Kisha nikamtuma mtu amwite Maki, na mwingine amwite Mama Dhena.

Walikuja. Nilikata tawi bichi kutoka mti wa jirani, nikalichonga ncha, nikawapa. Maki alishika juu, Mama Dhena akashika chini yake.

"Hatuchome mwisho?" Maki aliuliza. Siku hizi anaijua sheria ya Muzee Anselme kuliko mimi.

"Musichome. Muache iote. Mupande nyinyi wawili."

Mama Dhena ndiye aliyeelewa kwanza. Aliangalia kijiti, akaangalia mistari yote hadi kijitoni, akaniangalia mimi. Alisogeza mkono wake juu kidogo, mpaka ukagusana na wa Maki, na wakasukuma pamoja. Udongo ulikuwa laini. Mikono yangu niliiweka nyuma ya mgongo, nikaishikilia yenyewe kwa yenyewe, isije ikasaidia kwa mazoea.

Kimeota. Espérance alinitumia picha juzi, majani mawili, matatu. Huo mmoja si wangu tena. Ni wao wote wawili, na mti uliopandwa kwa mikono miwili haugawanyiki. Imebaki thelathini na saba, na mimi nina haraka.